Mionzi Iliyobaki Dar es Salaam

Mliponiaga pale ukumbini mlinivika kitenge, mkaimba, kisha msemaji wenu akasimama na kusema kwamba Mama Picha alikuwa mtu mpole asiyegombana na mtu. Nilitabasamu kwa sababu keki ilikuwa bado haijakatwa. Lakini tangu siku hiyo niko nyumbani Rhotia napalilia maharage yangu, na neno hilo linanikera. Chumba cha eksirei hakitaki mtu mpole. Kwa hiyo naandika haya kwa ajili yenu mliobaki na mashine, ili mjue mmemrithi nani.

Vyeo sitavitaja. Kama mnavitaka, viko kwenye faili langu, ikiwa panya hawajalimaliza.

Niliingia chumba kile mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikitoka wodi ya wazazi. Hospitali yetu ya misheni ilikuwa na mashine moja ya eksirei na mtu mmoja wa kuiendesha, Mzee Mkumbo kutoka Singida, naye alikuwa ameomba msaidizi ambaye haogopi giza. Manesi wenzangu walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Walikuwa wanasema chumba kile kinakausha kizazi. Mimi nilikuwa tayari na watoto wanne, nikaona hata kikikausha kidogo hakuna hasara.

Siku ya kwanza Mzee Mkumbo hakunionyesha mashine. Alinionyesha vidole vyake. Viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vinang'aa kama vimepakwa nta, kucha zimepasuka kwa urefu, na ngozi haina mistari yoyote. Zamani, kwenye hospitali nyingine ambayo hakupenda kuitaja, kazi yake ilikuwa kushika mifupa ya wagonjwa mbele ya mashine kwa mikono mitupu huku daktari akiangalia kwenye kioo.

"Unanusa kitu humu?" akaniuliza.

"Hapana, mzee."

"Unasikia joto?"

"Hapana."

"Na mimi sikunusa, wala sikusikia joto. Kwa hiyo humu ndani utaogopa kwa akili. Pua yako iache nje."

Nilikuwa nimezoea walimu wanaoandika ubaoni. Yeye alifundisha kwa vitu vilivyokuwa mezani. Alichukua karatasi ya kufungia sabuni akasema: mionzi ya alfa ni mizito na mivivu, karatasi hii inaizuia, hata ngozi yako inaizuia, lakini ukimeza au ukivuta hewani kitu kinachoitoa, umeiingiza nyumbani na hakuna tena ngozi ya kuizuia. Akachukua mfuniko wa sufuria: mionzi ya beta inapita karatasi lakini inakwama kwenye bati kama hili. Kisha akagonga mlango wetu uliofunikwa madini ya risasi. Gama na eksirei, akasema, ni ndugu wa damu, ni aina ya mwanga ambao macho yetu hayakupewa uwezo wa kuuona, na hizo zinataka risasi au ukuta mnene. Zote nne zina tabia moja: zikipita mahali zinang'oa vipande vya umeme kwenye atomu. Ndiyo maana zinaumiza mwili, na ndiyo maana zinafaa kazi.

"Lakini hao ndugu wawili wana tofauti moja, nayo ishike kuliko yote," akasema. "Eksirei tunaitengeneza sisi kwa umeme. Ukizima swichi imekwisha. Haibaki ukutani, haibaki kitandani, haibaki mwilini mwa mtu. Gama inatoka kwenye kitu, na kitu hicho hakina swichi. Kikiwepo, ipo. Kikiondolewa, imeondoka nacho."

Nawaomba msome tena maneno hayo. Kwa sababu ya hayo nilikaribia kupoteza kazi.

Mengine aliyonifundisha ni ya mikono. Julai ya Karatu dawa ya kusafishia picha inakuwa baridi hadi inasinzia, na picha inatoka hafifu kama kivuli cha mtu mwenye njaa. Basi birika la maji ya moto liwe karibu, na beseni la dawa likae ndani ya beseni la maji vuguvugu. Usiulize kama mama ana mimba mbele ya mama mkwe wake, hutapata jibu la kweli. Simama mbali, fanya haraka, kaa nyuma ya kinga. Mgonjwa wa kutetemeka ashikwe na ndugu yake aliyevaa aproni ya risasi, tena ndugu asiye na mimba, lakini asishikwe na wewe, kwa sababu ndugu atakuja mara moja na wewe utakuja kila siku.

Wagonjwa walitoka kote. Wamaasai walishuka kutoka Kakesio kwa lori au kwa miguu, wamevaa shaba na shanga, na shaba kwenye filamu ni weupe mtupu unaoficha kila kitu. Daktari mmoja mgeni alifoka kwamba mama fulani avue zile pete ndefu za masikioni au arudi kwao. Nilimwambia hatavua, maana mwanamke aliyeolewa kuzivua ni habari ya msiba wa mume, na mume wake yuko hapo mlangoni, mzima, anatuangalia. Nilizipandisha juu ya kichwa nikazifunga kwa bandeji, picha ya kifua ikapatikana. Nawaambia haya mapema msije mkadhani mimi ni mtu wa kupiga vita mila.

Walioninyima usingizi ni vibarua wa mashamba ya kahawa, watu wa Singida, Dodoma na Mbulu. Wao walikuja kupigwa picha kama tiba.

"Sista, nipige tena," mmoja aliniambia huku ameshavua shati. "Ile ya mwaka jana imeisha."

"Picha haiishi, baba. Picha inaonyesha ugonjwa, haiponyi."

"Mbona kifua kilipoa?"

"Kilipoa kwa sindano ulizochomwa!"

"Sindano nilichomwa na za zahanati, hazikufanya kitu. Picha ndiyo iliyofanya."

Nililirudia neno lile, picha haiponyi, mionzi haiponyi, miaka na miaka, mpaka watu wa sokoni wakawa wananiigiza. Sikujali. Kila mtu niliyemfukuza chumbani alikwenda nyumbani bila mionzi asiyoihitaji. Mzee Mkumbo alipostaafu na kurudi Singida, chumba kikabaki kwangu, na neno hilo nikabaki nalo.

Sasa nifike kwa Paulina.

Paulina alikuwa mke wa Sulle, mkulima wa mahindi na maharage wa kijiji cha Daa. Alikuwa mwanamke wa kicheko kikubwa, wa kwaya, aliyekuwa akinitania kila nilipokutana naye mnadani: "Dada, leo huniangalii mbavu?" Mwanzoni mwa miaka ya themanini alianza kutoka damu kwa wakati usio wake. Mganga Mkuu wetu alimpima akasema ni kansa ya mlango wa kizazi, imewahiwa, na inatibika kwa mionzi, lakini si kwetu. Aende Dar es Salaam.

Sulle alikuja kwenye benchi la nje ya chumba changu. Wagonjwa walikuwa wamejaa, naye hakupunguza sauti.

"Mama Picha, wewe ni Mwiraqw mwenzangu. Niambie kweli. Mionzi inaponya?"

Benchi zima likageuka kuniangalia.

"Ya Dar es Salaam inaponya," nikasema.

"Aah! Miaka yote unatufukuza hapa, unatuambia mionzi haiponyi. Leo nikauze mtamba wangu nimpeleke mke wangu mwisho wa nchi, kwa mionzi?"

Watu wakacheka. Nilihisi masikio yakiwaka moto, lakini sikurudi nyuma, wala leo sirudi. Nilichosema kuhusu mashine yangu kilikuwa kweli na kinabaki kweli.

"Sulle, moto wa kibatari unakuonyesha njia. Ukiwa na kichaka cha miiba, kibatari hakitakisaidia, unawasha moto mwingine, mkubwa, na unaulinda usile shamba. Mashine yangu ni kibatari. Kule kuna kobalti inayotoa gama, na inaelekezwa kwenye uvimbe mpaka ule uvimbe ufe. Mkeo ana kichaka tumboni. Unataka nimwashie kibatari?"

Aliuza mtamba. Namheshimu kwa hilo, na nitalisema kwanza kabla ya mengine.

Walikaa Dar es Salaam muda mrefu. Waliporudi na basi, Paulina alikuwa amekonda, gauni linamning'inia, lakini alikuwa anacheka. Damu imekauka, daktari wa kule ameridhika, na baada ya mavuno arudi kuangaliwa. Nilimkumbatia pale stendi. Niliona Sulle akinitazama mikono.

Kilichotokea Dar es Salaam nilikisikia baadaye kwa Paulina mwenyewe. Kule hospitalini, baada ya mashine kubwa, waliweka ndani ya mwili wake, karibu na uvimbe, mirija midogo yenye radiamu, madini ya mionzi, ikae siku chache. Ndivyo inavyofanyika. Siku hizo mgonjwa analazwa chumba cha peke yake. Nesi anaingia haraka, anasimama nyuma ya kizuizi cha risasi, anatoka. Sulle, aliyekuwa amemhudumia mkewe kwa mikono yake tangu waondoke nyumbani, alizuiwa mlangoni. Alisimama pale na uji wake mkononi akiona manesi wasomi wa jiji wanamkimbia mke wake. Kisha mirija ikatolewa, ikahesabiwa, ikarudishwa kwenye kasha la risasi, na Paulina akaambiwa yuko huru. Lakini hakuna aliyemwambia Sulle.

Ninyi wengi si Wairaqw, kwa hiyo nieleze. Kwetu kuna metimani. Mtu aliyeguswa na aina fulani ya msiba au balaa, kama mama aliyezaa mtoto mfu, anakaa kando mpaka muda wake uishe. Haingii boma la jirani, hachukui moto kwenye jiko la mwingine, hanywi kibuyu kimoja na wenzake. Wazee walikuwa na akili yao. Bila dawa yoyote, njia hiyo ilizuia magonjwa mengi yasienee. Serikali ilikataza, kanisa likakataza, na watu wakaendelea kimyakimya, Jumapili wakiwa kanisani. Mama yangu alikaa metimani baba alipofariki. Jirani aliweka unga mpakani akaondoka kabla mama hajafika kuuchukua. Nilikuwa mdogo, na nilimwona mama akisubiri yule jirani ageuke mgongo ndipo aende. Sijawahi kumsamehe jirani yule, ingawa alituletea unga.

Basi Sulle alipofika Daa alisimulia alichokiona, na kila mtu aliyesikia alielewa mara moja. Mke wa Sulle ana kitu ambacho hata madaktari wanakikimbia. Mama yake Sulle, ambaye sote tulimwita Aayo, yaani mama, alikuwa mkubwa wa boma lile na mkali wa mila. Ikaamuliwa. Sulle akamjengea Paulina kibanda mwisho wa shamba, karibu na mtaro. Watoto wakahamia kwa bibi. Na Sulle akahamia huko pia.

"Na Dar es Salaam?" nikamuuliza Paulina nilipomtembelea mara ya kwanza. "Siku ya kurudi kuangaliwa inakaribia."

"Anasema hawezi kukaa na mimi ndani ya basi, dada. Anasema abiria wengine wamekosa nini."

Hapo hakuwa anacheka. Alikuwa anaangalia ng'ambo ya mahindi, moshi wa jiko la Aayo, ambako mtoto wake mdogo alikuwa analia na mtu mwingine alikuwa anambembeleza.

Kwanza nilijaribu kwa akili, kama nilivyofundishwa. Filamu ya eksirei haijali mila ya mtu. Ikipigwa na mionzi inakuwa nyeusi ukiisafisha. Nilichukua vipande viwili, kila kimoja ndani ya bahasha nyeusi isiyopitisha mwanga. Kimoja Paulina alikifunga tumboni chini ya kanga kwa siku mbili. Cha pili nilimwomba Sulle akiweke chini ya saa yake, ile iliyokuwa ya marehemu baba yake, aliyorudi nayo kutoka vitani, ambayo namba zake zinang'aa gizani. Niliijua rangi ile. Zamani waliichanganya na radiamu, ileile ya mirija ya Dar es Salaam, ila kidogo sana. Alfa yake haivuki kioo cha saa, lakini nyingine inavuka.

Nilizisafisha nikaenda nazo Daa, nikazishika dirishani mbele ya Sulle na Aayo. Filamu ya Paulina ilikuwa safi, unaona mahindi upande wa pili. Filamu ya saa ilikuwa na duara la madoa meusi, moja kwa kila namba.

"Umeona?" nikasema. "Katika boma hili mwenye mionzi ni mkono wako, Sulle, na haujakudhuru. Usiifungue tu hiyo saa."

Nilidhani nimeshinda. Sulle aliivua saa polepole akaitazama.

"Saa ya baba umeifanya nini?"

"Sijaifanya kitu!"

"Baba aliivaa mpaka kufa, haikuwahi kutoa madoa. Imekwenda kwenye karatasi yako, imetoa madoa." Akaisogelea filamu ya pili. "Na hii ya Paulina haina kitu. Wewe ndiye uliyesema mionzi haionekani. Sasa unanionyesha kitu kisichoonekana, kwamba hakipo. Mimi nitajuaje?"

Aayo alikuwa anachambua maharage muda wote. Nilipoaga aliniambia bila kuinua kichwa, "Mwanangu, wewe umesoma karatasi. Sisi tunaangalia nani anakula na nani."

Niliondoka nimekasirika mpaka machozi. Lakini njiani niliona kwamba yule mama amenionyesha njia.

Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa bado njiani, nilikwenda kibandani kwa Paulina na kitoweo mkononi. Nikaketi nje, mahali panapoonekana toka barabarani. Tukala sahani moja. Nikanywa kibuyu chake. Nilipomaliza nikachukua kaa la moto jikoni kwake, nikaliweka kwenye kopo, na nikatembea nalo katikati ya Daa mchana kweupe, nikimsalimia kila mtu kwa jina. Hakuna aliyekuwa na shaka nilichofanya. Mtu anayechukua moto wa aliye kando amejiunga naye.

Jumatatu benchi langu lilikuwa na Wamaasai wawili na kibarua mmoja wa Dodoma aliyetaka picha ya nguvu. Jumanne vivyo hivyo. Watu wangu mwenyewe, wa Rhotia, wa Daa, wa Karatu mjini, walifika mpaka kona ya jengo, wakauliza ni nani yuko eksirei leo, wakarudi. Mama mmoja mwenye kikohozi cha miezi alimwambia nesi kwamba atasubiri nitakapostaafu.

Mganga Mkuu aliniita. Alikuwa mtu mwema, aliyechoka, mwenye wagonjwa wengi na dizeli kidogo ya jenereta.

"Mama, watu wenye kifua kikuu wanarudi nyumbani bila picha kwa sababu yako."

"Kwa sababu yao, daktari."

"Mimi siwezi kutibu sababu. Nakuomba usiende tena kwa yule mama. Wazee wa kanisa watatangaza kwamba umeacha, watu watarudi."

"Unajua hana mionzi."

"Najua sana."

"Sasa unataka niseme anayo?"

"Usiseme chochote. Usiende tu."

"Kutokwenda ni kusema," nikamjibu. "Nikiacha, Daa yote itajua kwamba hata Mama Picha ameogopa. Na mtu mwingine wa huku akiambiwa aende Dar es Salaam, atakataa, afe kwake na watoto wake wakiwa karibu. Wewe utampeleka wapi?"

Akasema atanirudisha wodi ya wazazi. Nikamwambia anirudishe, ila kwenye barua aandike sababu: amekula sahani moja na mgonjwa aliyepona. Barua haikuandikwa, lakini hata neno jema sikulipata, na Jumapili iliyofuata nilikwenda tena Daa. Na iliyofuata. Paulina aliniambia, "Dada, acha, utafukuzwa." Nikamwambia ale.

Mavuno yakafika. Siku moja, kabla ya saa sita mchana, trela la trekta la shamba la kahawa liliingia uani. Juu yake alikuwa Aayo, amekumbatia mkono wake wa kushoto uliopinda pabaya, na kando yake Paulina, tope mpaka magotini. Paulina hakushuka. Alibaki juu ya trela akiangalia chini, kama mtu anayesubiri kuambiwa aende wapi.

Nilimlaza Aayo mezani. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, na mkono unaotetemeka hautoi picha. Wakati huo Sulle akaingia mbio kutoka shambani, jasho linamtiririka, akasimama kizingitini.

"Baba, karibu," nikamwambia. "Vaa aproni hii umshike mama yako."

Aliangalia mashine. Aliangalia mikono yangu iliyoshika aproni. Miguu yake haikuvuka mlango.

"Mwache," Aayo akasema kutoka mezani. "Aliyenitoa mtaroni yuko nje. Mwite."

"Mama..." Sulle akaanza.

"Nilianguka asubuhi. Boma lote mko mavunoni. Nimelia mpaka sauti imekauka. Huyu alikuja akasimama mbali, kama tulivyomfundisha, akaniuliza, 'Aayo, nikushike?'" Mama yule alivuta pumzi, maumivu yalikuwa yanamkata. "Nikamwambia nishike. Amenibeba mgongoni mpaka barabarani. Kama ana kitu, ninacho na mimi tangu asubuhi. Haya, na mimi nijengee kibanda."

Paulina aliingia akipita kando ya mumewe, na Sulle hakusogea, kwa hiyo mabega yao yaligusana. Nilimvika Paulina aproni nikaifunga kamba mgongoni. Akamshika mama mkwe wake kwa mikono miwili, juu na chini ya pale palipovunjika, akawa anamwambia maneno madogo ya Kiiraqw anayoambiwa mtoto. Nikaenda nyuma ya kinga. Nikabonyeza. Nikaachia.

"Imekwisha?" Aayo akauliza.

"Imekwisha. Hakuna kilichobaki."

Nilikuwa na kaseti ya filamu mikononi na dawa ilikuwa inapoa. Aproni ile ni nzito, na aliyeivaa hawezi kuifungua mwenyewe, kamba ziko mgongoni. Paulina alikuwa amesimama katikati ya chumba hajui la kufanya. Sikuweka kaseti chini. Ningeweza, lakini sikuiweka.

"Sulle," nikasema, "mfungue mkeo."

Nikaingia chumba cha giza, nikafunga mlango. Nilisafisha filamu ile taratibu kuliko filamu yoyote maishani mwangu. Kisha nikasikia viatu vya shamba vya Sulle vikitembea juu ya sakafu yangu, hatua nzito zilizojaa tope, mpaka katikati ya chumba.